Mti wa Huyu katika Shamba la Yule: Magomvi ya Mipaka na Mali baina ya Majirani

Msimu wa karafuu unapokuwa hafifu, mashamba ya Gando huwa katika utulivu. Mkarafuu uliosimama mpakani haudaiwi na mtu, kwani pishi chache za karafuu mbichi hazistahili kumtoa mzee barazani kwake kwenda kwa sheha. Lakini msimu mkubwa ukiwadia na matawi yakaanza kuwa mekundu, ndipo kila mmoja anapokumbuka kwamba mti ule ulipandwa na babu yake, na kwamba jirani amekuwa akiuchuma kwa hisani tu, si kwa haki. Msimu mkubwa hauji kila mwaka. Kwa sababu hiyo gomvi moja laweza kulala miaka mitatu au minne, kisha likaamka likiwa na nguvu zaidi kuliko lilipolala, na baadhi ya mashahidi wake wakiwa wamekwisha kufariki.

Makatibu wa vyama vya ushirika wanaweza kudhani kwamba mambo haya ni ya sheha na mahakama, wala hayawahusu wao. Dhana hiyo si sahihi. Mwanachama aliyezuiwa kuchuma hawezi kulipa mkopo aliouchukua kwa kutegemea msimu. Wanachama wawili wanaogombana hukaa pande mbili katika mkutano mkuu, na jamaa zao hukaa nyuma yao, hata likiletwa shauri la kununua mizani likapingwa kwa ajili ya mkarafuu. Tena chama chenyewe ni jirani wa watu: kina kitalu, kina ghala, pengine kina shamba la pamoja, na kila kimojawapo kimepakana na mali ya mtu. Kwa hiyo yafaa katibu aijue asili ya magomvi haya, ajue ni lipi linalopelekwa wapi, na zaidi ya hayo ajue ni maandishi gani yanayoweza kulizuia gomvi kabla halijazaliwa.

Ardhi na kilichomo juu yake

Mgeni anayetoka bara hustaajabu anapoambiwa kwamba shamba ni la mtu mmoja na mikarafuu iliyomo ndani yake ni ya mtu mwengine. Katika Pemba jambo hilo si la ajabu hata kidogo. Ada ya tangu zamani inatenganisha ardhi na miti ya kudumu iliyopandwa juu yake: mnazi, mkarafuu, mwembe na mfenesi ni mali inayoweza kurithiwa, kuuzwa, kuwekwa rehani au kufanywa wakfu, pasipo ardhi kuguswa. Mimea ya muda kama muhogo, viazi na mtama haimo katika hesabu hii, nayo ni ya yule aliyeipanda mpaka aivune, kisha hana dai.

Hii ndiyo sababu zamani mwenye shamba alimruhusu mtu asiye na ardhi kukaa na kulima muhogo chini ya mikarafuu, lakini hakumruhusu kupanda mnazi. Si kwamba aliuchukia mnazi. Alijua kwamba mti wa kudumu ni ushahidi uliosimama, na kwamba mtu akiachwa aupande na kuutunza hadi uzae, hapana tena atakayeweza kumwambia aondoke bila ya kumlipa. Ubaya wa leo mwingi watoka hapo hapo: jirani anapanda mche wa mkarafuu mkono mmoja ndani ya mpaka wa mwenzake, mwenye shamba anauona na kunyamaza kwa haya, na baada ya miaka sita au saba mti unaanza kuzaa. Siku hiyo haya inakwisha, lakini mti umekwisha kuwa mti.

Historia ya Pemba nayo imeongeza mchanganyiko. Kimbunga cha mwezi wa Aprili mwaka 1872 kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika. Tangu hapo kisiwa hiki kikawa ndicho chenye karafuu nyingi. Watu walikimbilia kupanda. Palikuwa na mapatano ambayo kwayo mtu mmoja alitoa ardhi, mwengine akaufyeka msitu na kupanda, na miti ilipokua wakagawana. Basi tokea siku ya kwanza yalikuwako mashamba yenye miti ya watu wawili. Wenyeji wengi wa Pemba walikuwa na mikarafuu yao wenyewe, kidogo kidogo, mmoja ishirini, mwengine arubaini, hali iliyokuwa tofauti na Unguja ambako mashamba makubwa ya watu wachache ndiyo yaliyotawala. Ugawaji huo mpana wa mali ni jambo la kushukuriwa, ila mipaka yake ni mingi mno.

Mikarafuu arubaini na minane

Na ichukuliwe mfano mmoja, ambao si wa mtu yeyote, ila kila mtu wa Gando ataona kwamba waweza kuwa wake. Mtu ana eka moja ya mikarafuu iliyopandwa kwa nafasi ya futi 30 baina ya mti na mti. Eka ina futi mraba 43,560, na kila mti unachukua futi mraba 900. Kwa hiyo shamba lina mikarafuu 48. Mtu huyo anafariki, akiacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike wawili, na wazazi wake wamekwisha kumtangulia. Kwa sharia ya mirathi ya Kiislamu mke anapata thumni, yaani mikarafuu 6. Inabaki 42. Kila mtoto wa kiume anapata mara mbili ya mtoto wa kike: basi wanaume wanapata 14 kila mmoja na wanawake 7 kila mmoja. Hesabu inakubali bila ya kubaki hata mti.

Mama naye akifariki, na warithi wake wakiwa ni watoto hao hao wanne tu, mikarafuu yake 6 inagawika: miwili, miwili, mmoja, mmoja. Sasa kila ndugu mwanamume ana 16 na kila dada ana 8. Hadi hapa hapana ugomvi, na katika karatasi hapawezi kuwa na ugomvi. Ugomvi umo shambani, kwani kitabu cha mirathi kimetoa hesabu ya miti, hakikusema ni miti ipi. Mkarafuu wa bondeni wenye maji hauwi sawa na mkarafuu wa juu ya kilima chenye mawe. Ndugu wanagawana kwa macho, mbele ya wazee, kwa kusema "kuanzia mfenesi ule hadi kwenye kisima ni wako", na wote wanaridhika kwa kuwa wote wanapendana.

Dada mmoja ameolewa Ukunjwi. Hawezi kuja kuchuma, na kaka yake anamchumia, anamletea fedha na pengine gunia la muhogo. Miaka kumi inapita hivyo. Kaka anafariki, na watoto wake, ambao tangu wadogo wamemwona baba yao akiichuma mikarafuu ile minane, wanaamini kwa moyo safi kwamba ni yao. Shangazi anapotuma mtu kuja kuuliza fedha zake anaonekana kama mtu aliyekuja kunyang'anya. Yafaa isemwe wazi kwamba katika magomvi ya namna hii anayedhulumika mara nyingi ni mwanamke, wala hadhulumiwi na mtu mbaya. Anadhulumiwa na mazowea. Kukaa kwake kimya kwa ajili ya kuhifadhi udugu kunahesabiwa kuwa ni kuacha haki yake.

Ndugu wa pili naye anahitaji fedha, anaiuza mikarafuu yake 16 kwa mtu asiyekuwa wa ukoo. Mnunuzi huyo sasa ana miti katikati ya shamba la watu, bila ya njia ya kuifikia ila kwa kupita chini ya miti ya wengine, wala hana pa kuzikusanya karafuu zake. Katika fiqhi ipo haki iitwayo shufaa, ambayo humpa mshirika katika mali isiyogawanywa nafasi ya kununua mbele ya mgeni. Watu wengi wanadhani kwamba jirani yeyote anayo haki hiyo. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa visiwani, haki hiyo ni ya mshirika katika mali ambayo bado haijagawanywa. Mwenye shamba la kando tu haimo mikononi mwake. Madhehebu ya Hanafi ndiyo yanayompa hata jirani. Kwa hiyo katika mfano huu, ndugu waliokwisha kugawana miti yao hawana tena hoja ya ushirika, ingawa kwa ada ya viambo vya Pemba mtu anatarajiwa awaulize jamaa zake kabla ya kuuza nje. Ada hiyo ni njema na inafaa ihifadhiwe, lakini mwenye kutegemea ada peke yake mahakamani aweza kurudi mikono mitupu.

Lipo swali jengine ambalo halikuulizwa na mtu siku ya mauzo. Mkarafuu mmoja katika ile 16 umekauka. Je, mnunuzi anaruhusiwa kupandiza mche mwengine pale pale? Yeye anasema alinunua nafasi kumi na sita. Jamaa wanasema aliuziwa miti kumi na sita, na mmoja umekufa kama anavyokufa ng'ombe. Kila upande una maneno yanayosikika, na wazee wa mahali hawawi na kauli moja. Jawabu la haki lilipaswa kuandikwa katika hati kwa sentensi moja, siku ambayo wote wawili walikuwa wakicheka.

Mambo madogo ya matawi na matunda yana kanuni zilizo wazi zaidi. Karafuu zilizoangukia upande wa pili ni za mwenye mti. Mwenye ardhi ambayo matawi yameiingilia anaweza kumtaka jirani ayaondoe, na hapaswi kuanza kwa panga. Kuukata mkarafuu wenyewe ni jambo jengine kabisa: chini ya Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya mwaka 2014, kuukata bila ya kibali ni kosa, hata kwa mwenye mti. Ikiwa mwenye mti mwenyewe hana ruhusa hiyo, jirani aliyekasirika ataipata wapi?

Eka tatu na sheria za baadaye

Juu ya ada na mirathi zimekuja sheria za serikali, nazo hazina budi kueleweka. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Serikali ilitangaza mwezi wa Machi mwaka huo kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali. Mashamba yaliyochukuliwa yaligawiwa wananchi kwa vipande vya eka tatu, na Sheria ya Ugawaji wa Ardhi ya mwaka 1966 ikaweka masharti yake. Aliyepewa eka tatu alipewa haki ya kuitumia. Hakupewa ruhusa ya kuiuza wala kuikatakata. Katika miaka iliyofuata zaidi ya vipande 20,000 viligawiwa Unguja na Pemba.

Masharti hayo yaliandikwa vizuri. Walioyasoma hawakuwa wengi. Wapo waliouziana eka kwa karatasi iliyotiwa saini usiku, na wapo waliogawana kipande kimoja baina ya watoto saba. Kwa upande wa pili, wapo ambao mali zao za kurithi zilipakana na eka tatu, na mpaka ukapimwa kwa kamba na kuwekewa alama ya mti ambao leo hauko. Anayenunua sehemu ya shamba la namna hii bila ya kuuliza asili yake ananunua kesi.

Mwaka 1989 zikatungwa sheria tatu kwa pamoja: ya utambuzi wa ardhi, ya upimaji, na ya usajili. Zikafuatwa na Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992, inayosema kwamba ardhi ya asili ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, na anachokuwa nacho mwananchi ni haki ya matumizi, ambayo inarithika. Mwaka 1994 zikaja Sheria ya Mahakama ya Ardhi, Namba 7, na Sheria ya Uhaulishaji wa Ardhi, Namba 8. Hii ya mwisho inataka uhaulishaji wa kudumu, kama vile kuuza, upitishwe kwenye Bodi ya Uhaulishaji. Kwa hiyo karatasi ya mauzo iliyoshuhudiwa na sheha ni ushahidi mzuri wa mapatano, lakini safari yake haijakwisha pale barazani kwa sheha.

Lipelekwe wapi?

Wanachama wengi hupoteza miaka kwa kubisha mlango usiokuwa wake. Kwanza hapana budi gomvi litambuliwe ni la aina gani. Ikiwa linaloshindaniwa ni nani mrithi na fungu lake ni kiasi gani, hilo ni jambo la Mahakama ya Kadhi, na katika kugawa mali ya marehemu Waislamu ipo pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ikiwa wote wanakubali nani mwenye mali, ila wanapingana juu ya mpaka unapita wapi, au nani mwenye haki ya kukitumia kipande fulani, hilo ni la Mahakama ya Ardhi, na asiyeridhika na hukumu yake ana njia ya kukata rufaa Mahakama Kuu. Ikiwa mtu amepigwa, au karafuu zimechumwa usiku kutoka katika mti ambao hauna shaka ni wa nani, hilo si gomvi la ardhi. Ni jinai, na polisi ndio wahusika. Katika mfano wa shangazi wa Ukunjwi, kwanza yathibitishwe mafungu, ndipo yafuate madai ya miti. Akianza na mpaka ataambiwa arudi kwenye mirathi.

Sheha ni mlango wa mwanzo kwa yote hayo, kwani anawajua watu na ardhi yao. Hata hivyo sheha hana mamlaka ya kumpa mtu mali au kumnyima. Kazi yake ni kuwakutanisha, kusikiliza, na kuandika yaliyosemwa. Yale maandishi yana thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani: ushahidi wa mzee wa miaka themanini uliochukuliwa leo barazani, ukatiwa saini na mashahidi, waweza kuokoa shamba baada ya yeye kuaga dunia. Mwenye wazee wanaoujua mpaka wake asingoje ugomvi. Awachukue wakiwa na nguvu za kutembea, majirani wa pande zote wawepo, mpaka upitwe hatua kwa hatua, na alama zipandwe pale pale: mbono kaburi, mkonge, au jiwe lililozikwa nusu. Picha za simu ya mkononi zinasaidia kukumbusha; hazishiki nafasi ya saini ya jirani.

Jirani mgumu ni suala la peke yake. Wapo ambao si wajinga wa haki, ila wamegundua kwamba kelele ni mtaji. Huyu husogeza mpaka mkono mmoja kila mwaka, na akiulizwa huuliza yeye kwa nini anachukiwa. Kumjibu kwa kelele ni kumfuata kwenye uwanja wake. Kumnyamazia kwa miaka pia ni hatari, kwani kimya kitakuja kusomwa kama ridhaa. Kinachomwelemea ni tarehe: barua fupi ya heshima, isiyo na tusi wala kitisho, inayosema kwamba siku fulani alama fulani ilionekana imesogezwa, nakala kwa sheha. Barua ya pili mwaka unaofuata. Mtu wa namna hii anaweza kuushinda mdomo wa kila mtu barazani, lakini karatasi tatu zenye tarehe hana la kuzijibu. Na anayeandika asisahau kumpa salamu njiani, na kwenda msibani kwake, kwani kesi ni ya mpaka tu.

Karafuu haingoji hukumu

Tatizo kubwa kuliko yote latokea wakati gomvi na msimu vinapokutana. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka. Likifunguka, thamani imekwenda. Shauri laweza kuchukua miezi au miaka, na mti hautoi zaidi ya majuma machache. Kwa hiyo mkarafuu unaogombaniwa hupata moja katika mawili: ama unachumwa usiku na mwenye mbio zaidi, ama unaachwa na zao linaharibika mbele ya macho ya watu wote wawili. La kwanza linaleta mapanga. La pili ni hasara tupu, nayo si yao peke yao.

Hapa chama cha ushirika chaweza kufanya kazi ambayo mahakama haiwezi kuifanya kwa haraka. Wagombanaji wote wawili watakiwe wakubali kwa maandishi, mbele ya sheha, kwamba miti iliyotajwa kwa idadi itachumwa na watu wasiokuwa jamaa za yeyote kati yao. Ujira wa wachumaji utolewe kwanza. Karafuu zianikwe mahali pa chama, zipimwe zikiwa mbichi na tena zikiwa kavu. Ziuzwe katika kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambalo ndilo mnunuzi wa karafuu kwa sheria. Na fedha ziwekwe benki kwa amana mpaka atakapojulikana mwenye haki. Maandishi yaseme pia kwamba kukubali mpango huu hakumpunguzii yeyote dai lake. Sentensi hiyo ndiyo inayowafanya watu watie saini.

Kupima mara mbili si jambo la bure. Karafuu mbichi ikikauka inabaki kiasi cha theluthi ya uzito wake, na asiyekumbuka hayo ataona gunia limepungua na ataanza kumtuhumu katibu. Makonyo nayo yahesabiwe. Fedha za amana zisichanganywe hata siku moja na fedha za chama, hata kama chama kimekaukiwa na msimu unakaribia. Katibu anayekopa kutoka katika amana ya wagombanaji atakuwa amewapatanisha kweli, kwani wote wawili watamgeukia yeye.

Chama kijihadhari kisiwe hakimu. Halmashauri haikuchaguliwa kwa kazi hiyo, na katika mahali kama Gando, ambapo watu wameoana kwa vizazi, ni shida kumpata mjumbe ambaye si mjomba wala shemeji wa mmoja wa wahusika. Mjumbe mwenye udugu wa karibu aseme hivyo na atoke nje shauri linapozungumzwa, na kutoka kwake kuandikwe katika kumbukumbu. Kama ugomvi ni baina ya mwanachama na chama chenyewe juu ya mambo ya uanachama, sheria ya vyama vya ushirika ina utaratibu wake na Mrajis anahusika. Mpaka wa shamba la mtu na mtu haumo humo.

Mali ya chama mikononi mwa jirani

Vyama vingine vinaishi juu ya ardhi ya hisani. Mwanachama mwenye moyo mwema anasema, "jengeni ghala hapa pangu", na mkutano unampigia makofi. Hakuna kilichoandikwa ila shukrani. Mwanachama anafariki, warithi wake hawakuwemo katika makofi yale, na ghala la mawe limesimama katika fungu la mtoto ambaye hata si mwanachama. Mrithi huyo hana kosa anapouliza. Kosa ni la wale waliodhani kwamba ukarimu wa mtu mmoja unawafunga warithi wake bila ya hati. Vivyo hivyo kitalu cha miche kilichowekwa kando ya kijito katika shamba la mtu, na njia ya kupitia magunia. Hutumiwa miaka kumi bila neno, na siku jirani akikorofishana na mwenyekiti njia hufungwa kwa makuti.

Katika mabonde ya mpunga na pwani, mambo ni mepesi zaidi kwa kuwa hapana miti ya kurithi, lakini si mepesi sana. Mwenye jaluba la juu akiziba maji, wa chini anakosa. Akiyafungua yote siku moja, tuta la chini linabomoka. Zamu ya maji yafaa ipangwe kabla ya mvua za masika, na bwana wa zamu atajwe. Wakulima wa mwani, kilimo kilichoingia Zanzibar mwaka 1989, hutambua viwanja vyao kwa vigingi na kamba katika fuko ambalo ni la umma. Anayekaa msimu mzima bila ya kupanda asishangae kukuta kamba za mwengine, ingawa huyo mwengine alipaswa kuuliza kwanza. Ng'ombe aliyekata kamba akala muhogo wa jirani ni gomvi la jioni moja kama mwenye ng'ombe atakwenda mwenyewe kuutazama uharibifu kabla ya kuitwa. Akingoja aitwe, ni gomvi la mwaka.

Kwa yote yaliyotajwa, mali bila daftari hupotea bila habari. Katibu awasaidie wanachama kuandika hati, naye azijue sehemu ambazo husahauliwa. Hati ya kuuziana miti itaje idadi ya miti na kila mmoja ulipo. Iseme kama ardhi imo katika mauzo au haimo. Iseme mti ukifa kama mnunuzi anaruhusiwa kupandiza. Itaje njia ya kuifikia na mahali pa kukusanyia karafuu. Hati ya kukodisha msimu iseme msimu unaanza na kumalizika tarehe gani, kwani mkodishaji na mkodi kila mmoja ana kalenda yake. Hati ya chama kutumia ardhi ya mwanachama iseme muda, malipo hata kama ni shilingi kidogo, na nini kitafanywa kwa jengo muda ukimalizika. Majirani wa pande zote nne watie saini kama mashahidi, wanawake wenye mafungu wakiwemo wao wenyewe badala ya kaka zao kuwasemea, na asiyejua kuandika atie dole gumba baada ya kusomewa kwa sauti. Nakala moja abaki nayo kila mhusika, moja kwa sheha, na moja katika jalada la chama, ndani ya bahasha ya plastiki iliyofungwa, mbali na ukuta unaovuja.